Joginder Singh, Kalasinga wa Mbio za Safari

Barabara za kwetu Murara zajulikana. Mlima Nyiragongo ulipomwaga moto wake tarehe 17 Januari 2002, ulitushushia mawe meusi hata katikati ya mji wa Goma, nasi juu ya mawe yale yale tumejenga tena nyumba, tumefungua tena maduka, na twapitisha motokaa, pikipiki na chukudu zetu. Tairi huliwa upesi, springi huvunjika, na fundi wa gereji hakosi kazi hata siku moja. Basi si ajabu kwamba vijana wetu wapenda sana habari za madereva hodari.

Siku moja tulikuwa kilioni kwa kijana mmoja wa mtaa wetu, motari, aliyekufa barabarani usiku. Tulikuwa tumekwenda kuongoza sala. Sala zilipokwisha, vijana wenzake walikaa karibu na moto wakamsifu marehemu. Mmoja alisema, “Huyu alikuwa mtu wa rali kabisa. Hapakuwa na aliyeweza kumpita.” Wengine wakaitikia. Hapo mzee mmoja, ambaye zamani alikuwa dereva wa malori, akainua kichwa akasema polepole, “Wajukuu wangu, watu wa rali ninyi mwawajua? Mimi nilimwona mmoja kwa macho yangu. Hakuwa hivyo.”

Vijana walinyamaza kwa heshima ya msiba, lakini sisi neno lile halikututoka. Baada ya juma moja tulikwenda nyumbani kwa mzee tukamwuliza, “Baba Mzee, ni nani yule uliyemwona?” Akajibu, “Joginder. Kalasinga wa Kenya.” Tangu siku ile tumemsikiliza mara nyingi, tena tumetafuta na kusoma yaliyoandikwa juu ya mtu huyo. Leo twapenda kuwasimulia ninyi nanyi.

Kwanza yafaa tuseme mashindano yenyewe yalikuwa nini, maana vijana wengi hudhani rali ni kukimbizana tu. Mwaka 1953 Malkia Elizabeth wa Uingereza alitawazwa, na katika Kenya, Uganda na Tanganyika, nchi zilizokuwa chini ya Waingereza wakati ule, wapenda motokaa walifanya safari ya mashindano kwa heshima ya kutawazwa kwake. Waliondoka mwisho wa mwezi wa Mei wakazunguka nchi zote tatu kwa barabara za udongo. Mwaka uliofuata wakarudia, kisha ikawa desturi ya kila mwaka. Tangu mwaka 1960 mashindano yakaitwa Safari ya Afrika ya Mashariki. Siku zake zilikuwa siku za Pasaka. Sisi walimu wa dini labda tungalipenda siku nyingine, lakini ndivyo ilivyokuwa: Pasaka ilikuwa na mapumziko ya kazi, na tena Pasaka ilikuwa na mvua. Wenye mashindano waliitaka mvua hiyo.

Sababu ni hii. Motokaa hazikuondoka pamoja kama farasi. Ziliondoka moja moja, kila moja ikiachana na mwenzake kwa dakika chache, na kila dereva alipewa saa ya kufika katika kituo hiki na saa ya kufika katika kituo kile. Akichelewa, aliandikiwa adhabu kwa kila dakika. Mwisho wa safari, baada ya siku tatu au nne na kilometa elfu kadhaa, mchana na usiku, mwenye adhabu chache kuliko wote ndiye mshindi. Barabara hazikufungwa. Dereva alikutana na mabasi, ng'ombe, baiskeli na watu waendao sokoni, na usiku tembo au twiga. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa bondeni ulizishika motokaa mpaka ekseli. Katika mwaka 1963 motokaa 84 ziliondoka Nairobi. Zilizofika mwisho zilikuwa 7 tu. Katika mwaka 1968 zilifika 7 tena. Msomaji ahesabu mwenyewe: katika mbio za namna hii, kufika peke yake ni ushindi.

Mzee wetu alikuwa na namna yake ya kuyaeleza hayo. Alisema, “Mbio zile zilikuwa kama kupeleka kahawa Mombasa. Hakuna anayekuuliza ulikimbia namna gani. Wakuuliza, mzigo uko wapi?”

Sasa tumfikie mtu mwenyewe. Joginder Singh Bhachu alizaliwa Kericho, katika nchi ya Kenya penye mashamba makubwa ya chai, tarehe 9 Februari 1932. Watu wa taifa lake asili yao ni Punjab, katika Bara Hindi, na dini yao ni ile iliyoanzishwa na Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469. Wanaume hawakati nywele, hufunga kilemba, na wengi huitwa Singh, maana yake simba. Kwa Kiswahili twawaita Makalasinga. Yasemekana jina hilo limetokana na mfanyabiashara mmoja wa zamani wa Nairobi aliyeitwa Kala Singh, likaenea kwa wenziwe wote.

Watu wa Punjab walifikaje Afrika? Wengi waliletwa na reli. Waingereza walianza kujenga njia ya treni kutoka Mombasa mwaka 1896, na mwezi wa Desemba 1901 reli ikafika ziwa la Viktoria, mahali paitwapo leo Kisumu. Kazi ile ilifanywa na vibarua kiasi cha 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi kwa mkataba. Kiasi cha 2,500 walikufa, kwa homa, kwa ajali, na wengine waliliwa na simba pale Tsavo mwaka 1898. Walio wengi walirudi kwao mkataba ulipokwisha, lakini maelfu kadhaa walibaki. Baada yao wakaja wengine kwa hiari yao, maseremala, wahunzi, mafundi wa mitambo. Katika miji yote ya Kenya na Uganda mtu aliyetaka kutengenezewa kitu cha chuma alimwendea Kalasinga. Hata huku kwetu Kongo wazee wakumbuka hayo.

Baba yake Joginder, mzee Battan Singh, alikuwa mmoja wa mafundi hao, naye alikuwa na gereji. Mtoto alikulia ndani ya harufu ya mafuta na mpira. Alijifunza kufungua injini na kuifunga kabla hajapata kujulikana kwa udereva, na hili twaona ni jambo kubwa katika maisha yake. Madereva wengi wa siku zile walikuwa mabwana waliokuwa na mafundi wao. Huyu alikuwa fundi kwanza.

Tena kuna kazi moja aliyoifanya ambayo waandishi wengi hawakai nayo sana, nasi tungependa kukaa nayo. Mwaka 1958 chama cha wenye motokaa cha Afrika ya Mashariki kilimwajiri awe mlinzi wake wa kwanza wa barabarani. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wenye motokaa walioharibikiwa njiani. Fikirini, ndugu zangu. Mtu amekwama na mke wake na watoto, jua linakuchwa, maji yamechemka katika rejeta, naye hajui la kufanya. Halafu atokee kijana mwenye kilemba, ashuke na sanduku la spana, alale chini ya gari katika vumbi. Watu wa kwanza waliomjua Joginder barabarani hawakumjua kama mshindani. Walimjua kama mtu aliyesimama.

Mzee wetu aliposikia tumesoma jambo hili alifurahi sana. Alituambia, “Nilijua! Dereva aliyepata kutengeneza magari ya watu hawezi kuendesha kama mwendawazimu. Ajua kila chuma chalia wapi.”

Katika mwaka 1959, alipokuwa na miaka 27, Joginder aliingia katika mashindano ya Safari kwa mara ya kwanza. Aliingia tena kila mara, hata mwaka 1980. Aliondoka mara 22, naye alifika mwisho mara 19. Sisi tuliporudia kusoma hesabu hii tuliilinganisha na wale 7 kati ya 84, tukaona mzee alisema kweli kilioni.

Ushindi wake wa kwanza ulikuwa Pasaka ya mwaka 1965. Motokaa yake ilikuwa Volvo PV544, umbo la mgongo wa kobe, wala haikuwa mpya. Ilikuwa imetumika katika mashindano na watu wa kiwanda cha Volvo, nao waliiacha. Joginder aliichukua na kuitengeneza kwa mikono yake. Aliyekaa kando yake ni mdogo wake, Jaswant Singh. Kazi ya mtu wa kando si kukaa tu: ndiye asomaye njia, ndiye ashikaye saa na kuhesabu dakika, na gari likikwama ndiye ashukaye topeni kusukuma. Walipewa namba 1, maana yake waliondoka mbele ya wote. Mtu aliye mbele hali vumbi la mwenziwe, lakini ndiye wa kwanza kuingia katika kila mto na kila shimo, bila alama ya tairi ya kumwonyesha njia. Ndugu hawa wawili waliondoka wa kwanza, na walishinda kwa zaidi ya saa nzima mbele ya waliofuata. Viwanda vikubwa vya Ulaya vilikuwa vimeleta motokaa mpya, mafundi na vipuri, na gari kuukuu la ndugu wawili wa gereji likawatangulia wote.

Kabla ya hapo washindi waendeshao walikuwa Wazungu. Ni kweli kwamba Mhindi mmoja, D. P. Marwaha, alikuwa ameshinda pamoja na Vic Preston katika miaka 1954 na 1955, naye ni haki akumbukwe, lakini yeye alikaa upande wa pili. Joginder ndiye wa kwanza wa watu wa asili ya Asia kushinda akiwa ameshika usukani. Kenya ilikuwa imepata uhuru Desemba 1963, yaani mwaka mmoja na miezi michache tu kabla ya Pasaka ile. Watu wakamwita Simba, wakicheza na jina lake. Waingereza wakamwita Kalasinga Anayeruka, jina ambalo lilikuwa limekwisha kupewa mwanariadha mmoja wa Bara Hindi, Milkha Singh, aliyekimbia kwa miguu. Kwetu sisi jina la Simba ni zuri zaidi, maana halikukopwa.

Lakini tusisimulie ushindi bila kusimulia yaliyokuwa yakitukia pande zile, maana ndiyo yanayotufanya tulifikiri jambo hili kwa uzito. Miaka miwili tu baada ya furaha ya mwaka 1965, Kenya ilitoa sheria mpya za uhamiaji na leseni za biashara. Watu wa asili ya Asia wasiokuwa raia waliona milango ya kazi na maduka ikifungwa mbele yao, na kwa maelfu wakakimbilia Uingereza. Nayo Uingereza mwezi wa Machi 1968 ikatunga sheria ya haraka kuwazuia, ingawa walikuwa na pasipoti zake. Kisha Uganda. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke, akawapa siku 90. Walioondoka walikuwa makumi ya maelfu, pamoja na watu waliozaliwa pale na ambao baba zao walizaliwa pale. Waliacha nyumba, maduka, viwanda vya sukari, na makaburi ya wazee wao.

Na kwetu? Tusijifanye hatumo. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatatwaliwa na kupewa wananchi wa Zaire. Katika miji ya Kivu, kama katika nchi nzima, Wahindi na Wagiriki walikabidhi funguo. Mzee wetu alikuwa dereva wa mmoja wa wafanyabiashara hao. Hakutaka tuandike jina lake wala la yule aliyelipewa duka, nasi twamheshimu. Alituambia hivi tu: “Siku ya kwanza watu walishangilia. Siku ya pili waligawana vitambaa. Baada ya miezi michache rafu zilikuwa tupu, na lori langu lilikuwa limesimama kwa kukosa betri. Yule Mhindi alijua betri zaagizwa wapi. Aliyempokea hakujua.” Tukamwuliza kama yeye naye alishangilia siku ya kwanza. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, “Nilikuwa kijana.”

Ni katika miezi ile ile, Pasaka ya mwaka 1974, ndipo Joginder Singh aliposhinda mara ya pili. Uganda ilikuwa imewafukuza watu wa asili yake. Zaire ilikuwa imetoka kuwanyang'anya maduka. Na katika Kenya watu weusi, weupe na wa Asia walisimama kandokando ya barabara katika mvua wakilitaja jina la Kalasinga. Mwaka ule mvua ilikuwa nyingi mno. Joginder aliendesha Mitsubishi Lancer yenye injini ndogo ya lita 1.6, na mwenzake kando alikuwa David Doig. Adui yake mkubwa alikuwa Björn Waldegård wa Uswidi katika Porsche, gari lenye nguvu nyingi kuliko lake. Lakini tope halina heshima kwa nguvu. Joginder alifika wa kwanza, Waldegård wa pili. Wajapani wa kiwanda kile hawakuwa bado wakijulikana sana duniani kwa mashindano, na ushindi huo uliwapa jina.

Hatutaki kusema kwamba makofi ya barabarani yaliponya chuki ya watu. Haikuwa hivyo. Mtu aweza kumshangilia mgeni siku ya Jumatatu ya Pasaka, na siku ya Jumanne akamwonea wivu kwa sababu ya duka lake. Tena aliyeshangiliwa ni mmoja. Waliotazamwa kwa jicho baya walikuwa wengi. Lakini twafikiri lilikuwepo jambo la kweli pale. Joginder alizaliwa Kericho. Alisema Kiswahili. Alijua shimo lililoko katika barabara fulani na mto unaofurika kwanza. Je, ni nini zaidi kitakachomfanya mtu awe wa nchi? Neno hili “mgeni”, sisi watu wa Goma twajua lilivyo na makali, na ni nani waliokatwa nalo. Hatutaongeza.

Twapenda kumtaja na mwenzake mmoja, Shekhar Mehta, maana habari zao zaungana. Huyu alizaliwa Uganda mwaka 1945. Pasaka ya mwaka 1973, miezi michache tu baada ya siku 90 za Amin, alishinda mashindano yale yale ya Safari kwa motokaa ya Datsun 240Z, baada ya kulingana kabisa kwa adhabu na Harry Källström wa Uswidi. Ushindi akapewa yeye kwa sababu alikuwa amekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Baadaye alihesabiwa mtu wa Kenya, akashinda tena miaka minne mfululizo, tangu 1979 mpaka 1982. Kwa hesabu ya ushindi amempita Joginder, tano kwa tatu. Alifariki mwaka 2006. Mzee wetu amheshimu, lakini hakubali kumlinganisha. “Yule alikuwa dereva,” asema. “Joginder alikuwa dereva na fundi.” Katika jambo hili mzee si hakimu wa haki, na tumemwambia hivyo.

Ushindi wa tatu ulikuja Pasaka ya mwaka 1976, tena katika Lancer, tena na David Doig. Mwaka ule motokaa za Mitsubishi zilishika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu: Joginder Singh, kisha Robin Ulyate, kisha Andrew Cowan. Wako waliokuwa wameshinda mara mbili kabla yake, kama Preston, Fritschy, Nowicki, Shankland wa Tanzania na Herrmann. Wa kwanza kufika mara tatu alikuwa Joginder, naye alikuwa na miaka 44, umri ambao wengine wamekwisha kuacha.

Ni mwaka huo mzee wetu alipomwona. Alikuwa akirudi kutoka Mombasa, na mahali fulani njiani watu walikuwa wamejaa kando ya barabara, kwa hiyo alisimamisha lori akapanda juu ya mzigo. Tulimwuliza aliona nini. Twakiri kwamba tulitazamia habari ya kutisha, gari likiruka hewani. Alisema, “Wengine walipita wakipiga kelele, mawe yakiruka, nyuma ya gari yakienda huku na huku. Watu wakapiga makofi. Kisha akapita yeye. Sauti ya injini ilikuwa moja tu, kama mtu asomaye kitabu. Alipofika penye shimo alilizunguka. Alilizunguka, mwalimu! Wengine walikuwa wameliruka.”

Basi ndiyo hiyo siri yake, kama ni siri. Wote walioandika juu ya uendeshaji wake wakubali kwamba alilitunza gari. Hakulipiga. Aliona ni heri kupoteza dakika tatu penye mawe kuliko kupoteza saa mbili akibadilisha ekseli. Na alipoharibikiwa alijua kulitengeneza, kwa kuwa alikuwa amelala chini ya magari ya wengine miaka mingi. Yule kijana wetu tuliyemzika hakuwa na mtu wa kumwambia hayo. Pikipiki yake haikuwa yake, ilikuwa ya tajiri aliyetaka fedha kila jioni, na kila shimo alilolizunguka lilimpunguzia chakula. Hatumhukumu. Twasema tu kwamba wenzake walipomsifu kwa kumfananisha na watu wa rali, walimfananisha na watu wasiokuwako.

Jambo jingine alilotuambia mzee lahusu ukarimu, nalo halikutukia katika mashindano. Katika barabara ya Nairobi na Mombasa pana mji mdogo uitwao Makindu. Hapo Makalasinga waliokuwa wakifanya kazi ya reli walijenga hekalu lao mwaka 1926. Ni desturi ya dini yao kwamba kila hekalu liwe na jiko, na yeyote apitaye ale bure, awe wa dini yoyote, wa taifa lolote, tajiri kwa maskini, wote wameketi chini pamoja. Makindu wana vitanda pia kwa wasafiri. Mzee wetu alilala hapo mara nyingi katika safari zake. Mara ya kwanza aliogopa kuingia, akidhani ataulizwa dini yake au fedha. Hakuulizwa. Alipewa chapati, dengu na chai ya maziwa, alipomaliza aliongezewa. Aliyemwongezea alikuwa mzee wa Kikalasinga mwenye nguo nzuri, na baadaye aliambiwa kwamba mtu yule ana magari mengi na kiwanda. Alikuja kugawa chapati, kisha akaenda zake.

“Tangu hapo,” mzee alituambia, “nilipomsikia Joginder katika redio, nilijua ametoka katika jiko gani.”

Joginder Singh aliacha mashindano ya Safari baada ya mwaka 1980. Mashindano yenyewe kwa wakati huo yalikuwa yamebaki Kenya tu, na yalikuwa yameingizwa katika mashindano ya ubingwa wa dunia tangu mwaka 1973. Yalitolewa baada ya mwaka 2002, yakarudishwa mwaka 2021, kwa njia fupi zaidi na zenye kufungwa, kandokando ya Naivasha. Mzee ameonyeshwa picha zake katika simu ya mjukuu. Alitazama kidogo, akauliza kama ng'ombe wameondolewa barabarani. Alipoambiwa ndiyo, akairudisha simu.

Joginder alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na miaka 81. Habari zilipofika Kenya watu wa kila rangi walimlilia, hata vijana waliozaliwa baada yake kuacha usukani, ambao walimjua kwa masimulizi ya baba zao tu, kama sisi tunavyomjua kwa masimulizi ya mzee mmoja wa Murara.

Tulipokwisha kuandika makala hii tulikwenda kumsomea. Alisikiliza yote akiwa amefumba macho, na mahali pawili alitusahihisha majina ya magari. Tulipomaliza akasema, “Yule mdogo wake, mmemwandika?”

Tukajibu, “Tumemwandika, Baba Mzee. Jaswant.”

“Mara ngapi?”

Tukahesabu. Mara moja tu.

“Ongezeni,” akasema. “Nani alisukuma gari?”